Roza ya mama mukwe na mbuzi yenye haikukosa

Batu yangu, leo nimesikia aibu mbele ya mbuzi.

Wakati ya jua kali, muti ya maua ya roza ya mama mukwe, yenye marehemu bwana yake alipandaka, ilikauka. Mimi nikaona ni kuni tu. Nikakata matawi, nikayachomeka mu shamba ili maharagi yangu ipandie juu yake.

Mama mukwe akauliza nani alikata.

Nikasema mbuzi njo ilikula. (Mungu anisamehe.)

Tangu siku ile mbuzi iko kwa kamba.

Sasa mvua imerudi. Leo asubui mama akaniita mu shamba: "Mama Neema, kuya uone!"

Tawi moja kati ya ile ya kusimamishia maharagi imetoa maua ya roza. Nyekundu!

Akaniangalia: "Na hii, mbuzi njo ilipanda?"

Akaenda kufungua mbuzi.

Ninyi, kuomba pardon naanzia kwa nani, kwa mama ao kwa mbuzi?