Itoka Mbili Juu ya Chemchemi

Siku ile tulikuwa watu wanne. Mimi. Mke wa mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye sisi huku tunaitana wake wenza ingawa kila mmoja alikuwa na mume wake. Mwanawe wa kiume, anayeniita mama mkubwa. Na msichana wa ofisi ya utamaduni, aliyetoka Nakuru na viatu vyeupe, ambaye hana ukoo na mtu yeyote hapa. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, lakini siyaandiki. Nataka kusema jambo, sitaki kesi.

Huyo mwana anajenga kambi ya mahema kwa wageni wa Nairobi wanaotafuta mahali pasipo na kelele. Bonde letu halina kelele kweli. Limejificha nyuma ya mlima. Ukitoka Lanet unapanda, unaacha lami, unaacha nguzo za stima, halafu barabara inashuka kama imekosea njia. Saa kumi jua limeshatuacha, na kule chini kwenye ziwa la Nakuru bado linawaka. Kuna miti ya saiprasi iliyopandwa na mzungu, bomba la moshi la nyumba yake lililobaki limesimama peke yake, josho la ng'ombe lililojaa magugu, na chemchemi. Msichana alikuja kuyaandika hayo yote yawekwe kwenye ubao getini. Urithi wa bonde, alisema. Mimi niliulizwa kama chai iko tayari.

Baada ya chai tukashuka chemchemini. Juu yake kidogo kulikuwa na itoka mbili. Itoka ni ua letu la mpaka, lina kitunguu chini ya udongo, halifi kwa jua wala kwa moto. Mtu wa kwetu hang'oi itoka. Anayeing'oa amejilaani na nyumba yake, kwa hivyo hata mwenye trekta huizunguka. Mwana akamweleza msichana kwamba huo ndio mpaka ambao babu yake aliwawekea wanawe wawili. Sasa gari za wageni zinahitaji kuegeshwa pale, akasema, kwa hivyo mzee wa kanisa ataomba, kisha itoka zihamishiwe getini, kando ya ubao, wageni wapige picha.

Nikasogea, nikasimama kati ya itoka hizo mbili.

Nilipoolewa hapa mume wangu alikuwa akiuza dukani mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, anakuja mwisho wa mwezi. Nilijifungua mtoto wa kike, akaishi siku tisa. Baba mkwe akasema mtoto ambaye hajapewa jina hazikwi bomani, apelekwe kichakani. Mimi nilikuwa nimeshampa jina, kimoyomoyo. Mke mwenzangu ndiye aliyenisindikiza hadi hapo juu ya chemchemi. Alishika jembe yeye kwa sababu mimi sikuwa na nguvu, kisha akafungua kitambaa cha kichwani mwake, cha buluu, tukamfunga nacho. Jiwe hatukuweka, jiwe lingeokotwa na mtu wa kujenga. Nikapanda itoka, moja kichwani, moja miguuni, nikijua hakuna jembe litakalopita hapo. Nilijiona mwerevu sana.

Miaka ikaenda, baba mkwe akafa bila kuwaonyesha wanawe mpaka. Wazee wakaja kuutafuta, wakakuta itoka mbili. Mmoja akasimama nyuma ya ile ya kwanza, akafumba jicho, akailenga ya pili kama mwenye bunduki, na mstari huo wakauvuta hadi mtoni. Chemchemi ikaangukia upande wa shemeji. Mimi nilikuwa pale na sufuria ya githeri ya wazee. Kusema kungekuwa kukiri kwamba nimepanda mpaka wa uongo, tulipe mbuzi, na mwanangu afukuliwe mbele ya wanaume. Nikanyamaza. Mke mwenzangu naye akanyamaza, ila yeye kunyamaza kwake kulimpa maji. Mume wangu alikufa akimlaumu baba yake kwamba alimpendelea kitinda mimba. Nami tangu siku hiyo nachota maji mtoni, chini ya mahali mifugo inakonywea, na chemchemi imewekewa bomba, mfereji wake una kufuli.

Basi msichana akanigeukia, kwa heshima tu. "Shosho, wewe unakumbuka ni nani alizipanda?"

"Nilizipanda mimi. Na si mpaka. Hapo amelala mtoto wangu."

Mwana akacheka, akasema leo chai imempanda mama mkubwa kichwani. Sikushughulika naye. Nilimtazama mama yake.

"Mwenzangu, mwambie mtoto wako tulizika nini hapa."

Alikaza kitambaa chake kichwani, akatazama upande wa josho. "Mimi hayo siyakumbuki," akasema. Halafu, bado ananipa kisogo, "Na kama ni kaburi, mbona wazee walipokuja ulikuwa bubu?"

Hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Lakini mtu asiyekumbuka kaburi, anakumbukaje nani alinyamaza?

Msichana akafunga daftari. Akasema, pole shosho, ubaoni huandikwa yale ambayo watu wawili wamekubaliana.

Jumatatu vijana wakazichimba. Nilisimama hapo hadi wakamaliza. Walifika chini usawa wa magoti, na mmoja akaniambia taratibu kwamba hakuna kitu, ni udongo tu. Hakuwa na ubaya. Mtoto wa siku tisa ana mfupa gani wa kuningoja miaka hiyo yote? Itoka sasa ziko getini, zimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ubao unasema ni mpaka wa wazee wa kale. Mawe yamepatikana sasa.

Nimeandika ninavyokumbuka, na sikusoma zaidi ya darasa la tatu. Kama nimekosea mahali, kichwa cha mtoto kilielekea wapi, au rangi ya kitambaa, nisahihishwe. Tatizo ni kwamba wa kunisahihisha amebaki mmoja, na si mbali. Asubuhi nikipita na jerikeni yangu kwenda mtoni namsikia akifungua kufuli ya mfereji. Aje tu aniambie kitambaa kilikuwa cha kijani. Nitakubali.