Picha Niliyoibakiza

Jamani, hili hata nyumbani sijalisema. Nauza kanga Kariakoo, dukani kwa Mama Zuhura. Kazi yangu ni kupiga picha za mzigo na kuwatumia wateja wa mikoani. Picha tunazihifadhi mtandaoni, na Mama alikuwa analalamika kwamba zimejaa tena, kila mwezi anaongezewa bili.

“Niachie mimi, Mama,” nikasema, kifua mbele.

Kufungua, nakuta maua yaleyale ya mikorosho yamejirudia weee! Nikabakiza picha moja kwa kila ua, nyingine nikazifutilia mbali. Bili ikashuka, Mama akanisifu mbele ya watu, nami nikajiona fundi.

Kesho yake bibi harusi mmoja wa Lindi akapiga simu.

“Kaka, ile doti ya maua ya mikorosho niliyoichagua juzi, nitumie. Ya kumpa mama mkwe.”

Nikaangalia picha iliyobaki, nikatoa kanga kama ile, nikafunga mzigo. Maneno yake sikuyasoma. Muuza kanga mzima!

Juzi Mama akaletewa picha kutoka Lindi. Mkwe kaitandaza kanga mbele ya wageni, bibi harusi kainamisha uso. Masikini, yeye alichagua ya ua lilelile, ila yenye maneno ya shukrani; picha yake nilishaifuta. Uso ule unanijia hadi sasa.

“Hebu nisomee hapo, mwanangu,” Mama akasema. “Miwani sina.”

Duka lilikuwa limejaa wateja. Nikasoma kwa sauti:

“NYUMBA NI YANGU, WEWE NUNA TU.”