Picha Isiyo na Mkono

Bi Somoe wa Likombe hulinda mikorosho yake akiwa na mbwa wake, Watasema. Aliponiomba niwachore pamoja, niliuweka mkono wake kichwani mwa mbwa. Akawaka: "Futa! Mimi mtu wa swala. Lini umeniona nikimshika mbwa?"

Nikafuta huku nimenuna. Pichani wakabaki kama wageni wawili wanaongoja basi.

Kesho yake nikawafuata shambani. Jua la saa nne lilitulia juu ya harufu ya mabibo, kila kitu kikasinzia. Bi Somoe alisimama peupe, jasho likimtiririka, na Watasema amelala ndani ya kivuli chake.

"Bi Somoe, si usogee mtini?"

Akanong'ona, "Ataamka."

Safari hii nikaanza kuchora kivuli.