Muuza Santuri na Kelele ya Beryl

Muuza santuri wa pale Birmingham hana habari na uso wa mteja. Yeye hutazama miguu. Huipangusa santuri kwa pindo la shati, akaipuliza kama uji wa moto, akashusha sindano, kisha macho yakatua kwenye viatu vyako. Gitaa likilia na kiatu kisitikisike, hakuuzii. "Nenda kanunue za kubembelezea watoto," husema, kwa sauti kavu kama mkate wa juzi.

Jumamosi moja akaingia Beryl, mjane mwenye mkongojo, akitafuta santuri asiyoijua hata jina. Jirani yake aliipiga miaka nenda miaka rudi, naye Beryl akimtukana kutoka ng'ambo ya ukuta. Sasa jirani kahama, nyumba imezizima kwa kimya, hata chai haishuki.

"Basi iimbe, mama."

"Mbele za watu? Una wazimu?"

"Usipoimba nitaijuaje?"

Beryl akafumba macho, akaliiga gitaa, ngwe-ngwe-ngweee, na kila lilipopumua mkongojo wake ukagonga sakafu, du! du! Muuzaji hakungoja mwisho. Vidole vyake virefu viliichomoa santuri rafuni, na gitaa likajaa duka zima.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo kelele yangu!"

"Lakini zile du-du zako hazimo humu."

"Huo ni ufagio wangu, nikimgongea ukutani anyamaze!"

Muuzaji akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Viatu vya mtu hakuvitazama. Akairudisha sindano mwanzo, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na ufagio wa duka.

"Haya shika, mama. Leo tuisikie nzima."