Miaka Ishirini na Miwili Kando ya Bwawa, Bila Kujua Kuogelea

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Verlin Stukenberg anapiga magoti ukingoni mwa bwawa la kuogelea la Teller Grove, Illinois, na kuchota maji kwa kichupa. Anadondoshea dawa, anatikisa, anakiinua kwenye mwanga. Maji yanageuka rangi ya waridi. Klorini inatosha.

"Safi kabisa," anasema. "Ukidondosha sarafu hapo chini, utausoma mwaka wake."

Mamlaka ya bustani na michezo ya mji huu ina viwanja viwili vya besiboli, ukumbi wa wazee na bwawa hili moja. Verlin, mwenye umri wa miaka 61, ndiye fundi wa vyote, kwa dola 21 kwa saa. Watoto waliojifunza kuogelea wakati yeye akisafisha machujio, sasa wanaleta watoto wao.

Katika miaka hiyo yote ishirini na miwili, hakuna aliyejiuliza kama yeye mwenyewe anajua kuogelea.

Jibu lilipatikana Jumanne moja ya mwezi Juni. Verlin alikuwa upande wa kina kirefu, akivuta majani kwa wavu wenye mpini mrefu. Wavu ukanasa kwenye kifuniko cha tundu la kutolea maji. Akavuta kwa nguvu, ukaachia ghafla, mguu ukateleza. Akatumbukia na buti zake.

Akina mama sita wa darasa la mazoezi ya majini walikuwa ndiyo kwanza wanaingia getini.

"We Verlin, toka huko, unatuchafulia maji!" alipiga kelele mmoja wao, na wengine wakaangua kicheko. Verlin alikuwa akipigapiga maji kwa mikono. Wakadhani anawachekesha, kama kawaida yake.

"Tulicheka," anasema Dodie Kessinger, dereva mstaafu wa basi la shule, mwenye umri wa miaka 78. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Mtu anakufa mbele ya macho yetu, na sisi tunacheka. Mimi nilipiga makofi."

Kichwa kikazama. Hakikurudi. Kicheko kikakatika.

Dodie alijirusha na joho lake la taulo, akamkuta chini, akamkamata ukosi wa shati. Wenzake wakamnyooshea mpini wa wavu, wakawavuta wote wawili hadi ukingoni. Verlin alitapika maji, kisha akaanza kulia.

"Nikamuuliza, 'Umepatwa na nini, mwanangu? Moyo?'" anakumbuka Dodie. "Akasema, 'Hapana. Sijui kuogelea.' Nilimwambia arudie. Nilidhani nimesikia vibaya."

Kufika saa nne, mji mzima ulikuwa umesikia. Mkewe, Jolene, aliipata habari akiwa kwenye foleni ya duka la dawa.

"Miaka thelathini na minne tumelala kitanda kimoja," anasema Jolene. "Kila tukienda ziwani, sikio linamuuma. Kila mwaka! Nimemnunulia dawa ya sikio mimi, kwa pesa yangu."

Jioni ile hakumgombeza. Alimwekea sahani ya nyama na viazi, akaketi mbele yake, akauliza swali moja tu: "Kwa nini?"

Sababu ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia watu. Mwaka alioomba kazi, kiwanda cha matrekta kilikuwa kimemwachisha kazi, na Jolene alikuwa mjamzito. Fomu iliuliza kama mwombaji anajua kuogelea. Akatia alama kwenye ndiyo.

"Nikajiambia nitajifunza kabla ya kiangazi kwisha," anasema Verlin. "Kiangazi kikaisha. Mwaka wa pili nikaona haya kuuliza. Mwaka wa kumi, ungemuuliza nani?"

Kusema uongo kwenye fomu kunatosha kumfukuza mtu kazi. Meneja wa mamlaka, Renata Pruitt, hakuficha hasira yake. "Nimemwacha pale peke yake asubuhi ngapi? Sikulala siku tatu," anasema.

Bodi ilipokutana, viti havikutosha. Verlin alisimama, kofia mkononi, akasema hana utetezi. Ndipo Dodie akainuka.

"Mkimfukuza, mtapata anayejua kuogelea na asiyejua pampu," alisema. "Huyu niachieni mimi. Nitamfundisha, au nitamzamisha mwenyewe."

Bodi iliamua mambo mawili. Hakuna mfanyakazi atakayekaa peke yake bwawani tena. Na Verlin atabaki kazini, mradi avuke bwawa kwa urefu wake kabla halijafungwa mwezi Septemba.

Ndiyo maana sasa, kila Jumatatu na Alhamisi saa tatu, fundi huyu anasimama kwenye maji ya kifuani kati ya watoto saba wa miaka sita.

"Bwana Verlin, usibane pua! Puliza!" anamkaripia msichana aliyeng'oka meno mawili ya mbele.

"Napuliza, bibie, napuliza."

Juma lililopita alifika katikati, akashika ukingo, akihema. Zimebaki siku kumi na tisa. Hofu haijamtoka, bado anaota anasikia kile kicheko akiwa chini ya maji.

Tulipomuuliza atakachofanya akifaulu, alitazama upande wa kina kirefu.

"Nitajirusha palepale nilipozama," alisema. "Jolene akiwa amekaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Nataka anione nikienda chini, halafu anione nikirudi juu mwenyewe."