Shimo la Malkia wa Mchwa

Mtakaosoma, mnisamehe kwanza. Nilimaliza shule ya msingi tu, na hata huko mwalimu alikuwa akiinua daftari langu juu ili darasa lione jinsi herufi zangu zinavyolala, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Naandika polepole. Neno nikiona limekaa vibaya nalifuta, na nikilifuta sana karatasi inatoboka. Palipotoboka, msome kwa kukisia.

Kusema mbele ya watu kunanishinda kuliko kuandika. Mgeni akiingia nyumbani, mimi natokea mlango wa nyuma. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu tulipohamia hapa kijijini, na sina wa kumwambia, maana wote ninaowajua wanalijua, na wanalala usingizi mzuri.

Tulikuwa tukiishi Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba alikuwa akitengeneza pampu za kutoa maji shimoni. Kisha mgodi ukaanza kufa. Mshahara ukachelewa, halafu ukawa hauji, halafu hata magunia ya unga tuliyozoea kugawiwa yakakoma. Baba aliendelea kwenda kazini kila asubuhi na kopo lake la chakula, likiwa tupu, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Jioni anarudi, analiweka mezani, sote tunalitazama.

Ni wakati huohuo watu walipokuwa wakifukuzwa. Wale ambao baba zao au babu zao walitoka Kasai waliambiwa Katanga, jimbo letu hili, si kwao, hata waliozaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na fimbo na mapanga. Stesheni ikajaa watu waliongojea treni ya Kasai, wamelala juu ya magodoro yao, jua lao, umande wao. Hapakuwa na choo cha watu wengi namna ile. Harufu ilifika mpaka kambini kwetu, na majirani walikuwa wakipita pale wameziba pua, wakicheka, kana kwamba wale watu walizaliwa wakinuka.

Mama akaamua tununue nyumba kijijini, kando ya barabara ya kwenda Fungurume, tulime kabla wadogo zangu hawajavimba miguu kwa njaa. Mvua zilikuwa karibu. Tusingepata nyumba kabla ya kupanda, tungekaa bila chakula mpaka mvua nyingine. Hilo nalisema mapema, msije mkadhani siijui njaa. Naijua.

Mama anatoka katika ukoo wa wafyatua matofali. Kwao mtu hanunui nyumba kabla ya kuipima yote, kuanzia msingi hadi paa, huku anayeuza amesimama palepale akijibu maswali. Anagonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Anamwaga maji sakafuni aone yanakimbilia wapi. Anafunga madirisha, anatazama juu kama mwanga unapenya kwenye manjanja, ndivyo tunavyoyaita mabati huku. Na ukuta unalambwa.

Najua mtacheka. Huku kuna mchanga wa kijivu unaomwagwa na viwanda baada ya kuoshwa shaba. Ni laini na ni wa bure, kwa hiyo wengi walipiga plasta nyumba zao kwa mchanga huo. Mwanzoni ukuta unapendeza. Baadaye unatoka jasho, unaota unga wa kijani, na plasta inadondoka kama magamba ya samaki. Kabla unga haujaota, jicho halioni kitu, lakini ulimi unajua: unakuta uchungu mkali, kama umelamba sarafu. Mama anaweka tumbaku chini ya ulimi tangu ujana wake na hasikii ladha tena. Kwa hiyo anayelamba ni mimi.

Jambo la mwisho katika kupima ni shimo la malkia. Matofali yetu mazuri yanatoka kwenye kichuguu. Mtu anakibomoa, anafyatua matofali palepale, anayachoma, anainua nyumba yake hapohapo. Lakini kabla ya kuweka msingi lazima achimbe mpaka amtoe malkia wa mchwa. Shimo lile analijaza majivu ya moto, na kila kiangazi analifungua na kuongeza majivu mengine. Asipofanya hivyo mchwa wanarudi, wanakula milango, wanakula mbao za paa. Shimo haliwekewi alama, asije mwenye chuki akalimwagia maji. Wenye nyumba tu ndio wanaojua lilipo. Siku ya kuuza, anayeuza anakwenda kusimama juu yake, na anayenunua anaona.

Basi tukaenda, baba, mama na mimi. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, mlango wa buluu, mlimao uani. Aliyetupokea alikuwa kijana wa kijiji kile, mkubwa wa wale vijana wa fimbo. Alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vya mtu mwenye mguu mdogo kuliko wake. Alivikanyaga nyuma, visigino vyake viko nje, vimejaa vumbi.

"Karibu, mama. Karibu, tata. Nyumba njo hii, nilijenga mi mwenyewe. Hakuna ingine kama hii mpaka Fungurume."

"Fungurume mi sikuuliza," mama akasema. "Fungua mulango."

Tulipoingia, baba alirudi nyuma hatua moja. Sufuria ya maharage ilikuwa bado juu ya jiko, maharage yenyewe yanatembea kwa funza. Katika chumba cha kulala, kwenye kona, watu walikuwa wamejisaidia. Si mtu mmoja, na si kwa sababu walikosa choo; choo kilikuwa nje, kizima, na mlango wake.

Mama akanyoosha fimbo yake kwenye kona. "Na hii pia ulijenga weye?"

Kijana akacheka. "Ah, mama! Njo bale bajeune. Ile siku balifurahi sana." Njo huku ni ndiyo, na bajeune ni vijana, wenzake wa fimbo.

"Furaha gani inatokeaka nyuma?"

Alicheka zaidi, na baba naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. Mimi nilitazama miguu yangu. Nzi walikuwa wakitoka kwenye kona wakitua midomoni mwetu, na hakuna aliyeulizwa tena kuhusu kona ile. Kwenye kupima nyumba, mavi si kasoro. Yanaoshwa.

Mama akapima. Akagonga kila ukuta, sikio karibu, na kila ukuta ukamjibu vizuri. Maji aliyomwaga yalikimbia yote mlangoni. Alipofunga madirisha giza lilikuwa zima, hata tundu la sindano halikuonekana juu. Nilimwona anafurahi, ingawa alikunja uso ili bei isipande.

"Lamba," akaniambia.

Nikalamba sebuleni, nikalamba chumba kikubwa, nikaingia chumba cha watoto. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, ile wazazi wanayowachorea watoto kuona wanavyorefuka. Mstari wa chini kabisa ulikuwa mbichi, mkaa wake bado unashika kidole. Nikainama pembeni yake, nikaweka ulimi ukutani.

"Huyu mutoto yenu ni muntu ao ni mbuzi?" kijana akauliza.

"Ni mbuzi," mama akajibu bila kugeuka. "Lakini mbuzi yangu inavaaka biatu byake."

Nje, majirani waliosimama kwenye ua wakapasuka kwa kicheko. Kijana akavuta mguu nyuma. Mimi nikafurahi kwa mara ya kwanza siku ile. Nikadhani mama yuko upande ule ninaoutaka.

"Inasema nini?" akaniuliza.

"Haina kitu, mama. Udongo tu."

Ni kweli. Ilikuwa nyumba safi, iliyojengwa na mtu asiyefuata njia ya mkato. Kila tulipoipima tulikuwa tunamsifu mtu huyo, na kijana wa viatu alikuwa akipokea sifa, akitikisa kichwa. "Njo kazi yangu, mama. Nilijitesa sana." Kinywa changu kilijaa ladha ya ukuta wa watu, na mate yakawa mengi, lakini niliona aibu kutema ndani.

Tukatoka uani. Mama akachukua jembe letu.

"Sasa tuonyeshe malkia."

Kijana akatazama huku na huku. Akaenda kusimama chini ya mlimao. "Ni hapa."

Mama akapiga jembe mara chache. Ilitoka mizizi na udongo mgumu ambao haujaguswa tangu dunia iumbwe.

"Ao ni pale," kijana akasema, akahamia karibu na jiko la nje. "Kunapita muda, mama. Muntu anasahau."

"Anasahau malkia?" mzee mmoja akasema kwenye ua, na kicheko kikapita tena, lakini sasa kilikuwa kifupi.

Mama hakuchimba pale pa pili. Aliegemea jembe. "Weye haujui."

Kijana akaacha kutabasamu. "Mama, bote hapa banajua nyumba ilikuwa ya nani. Ulikuja kununua nyumba, ao ulikuja kufanya tribinali ya kutuhukumu?"

Majirani wakasogea karibu. Hata baba alisimama sawasawa. Nikajisemea: sasa. Sasa mama atalibeba jembe lake begani, tutarudi barabarani, tutalala njaa, na nitakuwa tayari kulala njaa. Watu wote wa kijiji walikuwa wamesikia. Mwizi alikuwa amesimama juu ya shimo ambalo si shimo, na mama yangu ndiye aliyemsimamisha pale.

Mama akasema, "Basi kinga yetu inabakia."

Bei waliyokuwa wamekubaliana kabla ilikuwa cherehani ya mama na baiskeli ya baba, ambayo huku tunaiita kinga. Zaire za karatasi, ndizo pesa zetu, wakati ule hakuna aliyezitaka.

"Tutakupa mashini ya kushona tu," mama akaendelea. "Nyumba ambayo malkia yake haijulikane, haiwezi kuuzwa bei ya nyumba muzima. Ukikatala, tafuta mwingine, na mi nitamwambia hii nimekuambia."

Kijana akatema mate, akalalamika, akasema mama anamnyonga. Halafu akakubali. Baba akaenda mpaka kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akaupangusa usukani kwa mkono wa shati, kama mtu anayempangusa mtoto aliyepona homa.

Nilikwenda nyuma ya choo nikatema, nikatema tena. Ladha haikutoka.

Njiani kurudi niliuliza swali moja tu, na lilinichukua kilomita nyingi kulitoa. "Mama, na benyewe?"

"Benyewe bako stesheni. Tukikatala, batarudia? Ataingia muntu mwingine, na ile kona hataosha." Akatembea kidogo. "Weye umekula nini leo?"

Sikuwa nimekula kitu, na yeye alijua.

Tulipohama na virago vyetu, tulipita stesheni. Palikuwa pamefagiwa. Mama akaosha kona kwa majivu na maji moto mpaka vidole vyake vikachubuka, na mvua ikinyesha harufu inarudi. Mahindi yaliota. Wadogo zangu wamenenepa, siwezi kusema hawakunenepa. Baiskeli imetundikwa sebuleni kwa sababu matairi yamekwisha, na kila mgeni anasimuliwa jinsi ilivyobaki. Wanampongeza mama: mwanamke anayejua kupima nyumba! Kijana wa viatu anakuja jioni kunywa na baba. Wanaitana ndugu. Viatu vimechanika sasa, lakini bado anavivaa, na anaviacha mlangoni kwa adabu.

Kiangazi hiki mchwa wamerudi. Walitokea chini ya chumba cha watoto, usiku mmoja wakapanda fremu ya mlango kwa ndani. Ukiibonyeza inaingia kama mkate uliolowa. Mstari wa chini kabisa umekwisha kuliwa. Mama amechimba kila mahali kutafuta shimo, chini ya mlimao, chini ya jiko, kando ya choo, mpaka ua umekuwa kama makaburi yaliyofunguliwa. Juzi alitupa jembe, akakaa chini, akasema kwa hasira ya kweli kabisa:

"Bale bantu, bangetuambia tu!"

Kama vile walikosa adabu kuondoka bila kuaga. Baba akatikisa kichwa kukubali. Niliinuka nikaacha ugali wangu. Nikatafuta karatasi.

Mama anajua naandika, amefurahi, anadhani naandika kuuliza shimo. Wewe uliyeijenga nyumba hii ya mlango wa buluu, kama karatasi hii itakufikia, shimo usiniambie. Waache mchwa waile. Na nyinyi wengine mnaosoma, mlio Kasai au popote treni zile zilipowashusha, kama mnamjua mtu aliyechora watoto wake kwa mkaa mlangoni, mpeni hii. Nami niandikieni, anwani iko nyuma ya bahasha. Herufi mbaya hazinisumbui, na mimi husoma polepole vilevile. Nataka kujua tu kama yule wa mstari wa chini alifika, na sasa kichwa chake kingefika wapi mlangoni.