Mwenzake Baba wa Kusoma Torati

Dodoma ya wakati wa Mwingereza niliijua ikiwa na Wayahudi watatu tu, nami nilikuwa mmoja wao. Wengine walikuwa baba yangu na rafiki yake ambaye nilimwita ami. Walitoka Adeni pamoja wakiwa vijana, wakafungua duka la vitambaa karibu na stesheni, katikati ya maduka ya Wahindi. Mama alifariki nikiwa mdogo mno. Hata sura yake siikumbuki.

Kila Jumamosi duka lilifungwa. Baba na ami walikaa chumba cha nyuma, kitabu kimoja katikati yao, wakabishana hadi jasho likawatoka. Jirani yetu, mama wa Kirangi aliyetuuzia maziwa, alidhani wanagombana.

"Kuna nini huko ndani?" aliniuliza siku moja.

"Wanasoma."

"Kusoma gani huko kwa kupiga meza?"

Lakini ndivyo tusomavyo. Mtu hutafuta mwenzake. Mmoja anasema, mwingine anapinga, mpaka maana itoke. Baba aliniambia kwamba wazee wetu waliihesabu Torati kuwa chakula na maji. Wana wa Israeli walipotembea siku tatu jangwani bila maji, wazee walifasiri kwamba maji waliyokosa ni Torati yenyewe. Ndiyo maana husomwa Jumamosi, Jumatatu na Alhamisi, zisipite siku tatu mtu hajaionja. Mimi niliyekua nikiwaona akina mama wa Kigogo wakichimba mchanga wa korongo kutafuta maji, sikuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimevunja ungo ami alipopata mchumba Nairobi akahamia huko. Tulimsindikiza mpaka kwenye lori la Arusha. Baba alibaki amesimama barabarani hata baada ya vumbi kutulia, ikabidi nimshike mkono turudi.

Jumamosi iliyofuata alifungua kitabu, akakitazama, akakifunga. Wiki zilizofuata hakukigusa kabisa. Alikonda, mashati yakampwaya. Daktari alimpima asione ugonjwa. Nilimpikia kila alichokuwa akikipenda; alionja kidogo, akasukuma sahani.

"Sina njaa, mwanangu."

Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia upepo ukiingiza mchanga chini ya mlango. Sikuwa na ndugu, wala msichana wa dini yangu wa kumweleza. Nilimwogopea Baba, nami nilijiogopea.

Jumamosi moja nilikwenda kukaa kwenye kiti cha ami.

"Ondoka hapo," Baba alisema.

"Nifundishe."

"Kwetu wasichana hawafundishwi haya."

"Kwetu ni wapi, Baba? Hapa kuna nani mwingine?"

 Akakigeuza kitabu, tukione sote wawili.

Tulianza na herufi za Kiebrania, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyoanza na alifu. Nilipoweza kusoma mistari, niliitikia kila alilosema, nikidhani ndiyo adabu. Siku moja alikasirika. "Ukinikubalia kila kitu, nabaki peke yangu!"

Siku hiyo tulikuwa tunasoma habari za Musa, aliyeambiwa auambie mwamba utoe maji, yeye akaupiga kwa fimbo, akanyimwa kuingia nchi ya ahadi. Baba alisema kosa lake ni kutotii: ameambiwa aseme, amepiga.

"Hapana," nikasema. "Kosa lake ni kuwaita watu waasi. Walikuwa na kiu. Mwenye kiu hatukanwi, hupewa maji."

"Kiu haimruhusu mtu kumtukana kiongozi wake!"

"Yeye ndiye mkubwa. Angevumilia."

Baba akapiga meza. "Onyesha! Imeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Tulibishana mpaka jua likahama dirishani, akiwa na sauti ile niliyoizoea zamani. Alasiri ile alikula wali wote, baridi hivyo hivyo, kisha akauliza kama upo mwingine.

Tulisoma hivyo miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima, homa ikamchukua wakati wa mvua. Majirani Waislamu walichimba kaburi wakambeba kwa heshima. Lakini sala yetu ya wafiwa huhitaji wanaume kumi wa dini yetu, nasi hatukuwa hata na mmoja. Nilisimama kaburini nikiwa na maneno yote kinywani, pasipo wa kuniitikia amina.

Ami alifika siku chache baadaye, njia ikiwa imeharibika kwa matope.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa, akafungua kitabu, akanisomea taratibu kama anayemtuliza mtoto. Akafasiri mstari mmoja. Nikampinga. Akajibu, nikampinga tena, safari hii kwa sauti kubwa.

Akainua kichwa. "Nani kakufundisha kubisha hivi?"

"Baba."

Akafunika uso kwa viganja, akalia.

Alipoondoka alitaka twende pamoja Nairobi, kwa watu wetu. Nilikataa kwa sababu ya duka, na kwa sababu ya kaburi lile ambalo hakuna mwingine angelitembelea. Sijui kama nilifanya vema.

Jumamosi nafunga duka, nasoma kwa sauti, nasema langu, halafu nalijibu kama ambavyo Baba angelijibu. Siku nyingine namshinda. Namngojea apige meza, kisha nafungua ukurasa mwingine.